Mbegu Ilalayo Udongoni

Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya swali ambalo mtu huliona dogo mpaka siku limfikapo mlangoni. Swali lenyewe ni hili: Je, mpanzi ana deni gani kwa ajili ya mbegu aliyoipanda, ikiwa amekwisha kuisahau? Na akiwa mbegu yake yaota baada ya miaka mingi, katika shamba ambalo si lake tena, aweza kusema kwamba hayamhusu? Hatukulipata swali hili kitabuni. Tulilipata ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, hapa kwetu Chitete.

Kabla ya mvua za mwaka jana kuanza, mgeni mmoja wa kutoka ng'ambo alilala kwetu usiku mmoja akiwa safarini kwenda Tunduma. Asubuhi, akishukuru kwa uji na maji ya moto, alitutilia mkononi bahasha yenye mbegu za ua la kwao. Mbegu zilikuwa ndogo kuliko ulezi, zenye rangi ya ugoro. Ukipumua kwa nguvu zapeperuka. Akasema, "Mwalimu, zipande hizi penye jua kutwa, nawe utapata ua refu kuliko wewe." Watoto wa shule walikuwapo, wakasikia. Siku ile ile walianza kulima tuta kando ya ukuta wa darasa, mahali ambapo kivuli cha mwembe hakifiki, nasi tukawaahidi ya kuwa ua hilo wataliona.

Mmea huo Waingereza huuita muleni, na wataalamu wa mimea huuita Verbascum. Kwao hasa ni Ulaya na Asia, ingawa yuko ndugu yake mmoja aotaye katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki. Tabia yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka wa kwanza hautoi shina wala ua. Majani yake hulala chini yakiwa duara kama sahani, manene, ya rangi ya majivu, yenye manyoya laini kama blanketi. Mtu asiyeujua husema kwamba umekataa kukua. Mwaka wa pili shina moja lasimama wima katikati, hata kupita kimo cha mtu mzima, limezungukwa na maua ya manjano yafunguayo machache machache kila siku. Baada ya hayo mmea watoa mbegu zake, wakauka, wafa.

Nao wapendao kuupanda husema kwamba haudai mengi. Wataka jua tangu asubuhi mpaka jioni, na udongo usiotuamisha maji. Kokoto za kando ya njia waziweza, na mbolea nyingi hauihitaji. Mbegu zake hazifukiwi kama mahindi. Hutawanywa juu ya udongo na kukandamizwa kwa kiganja, maana haziamki pasipo mwanga. Kivulini hudhoofika na kufa. Watu wa kale wa Ulaya walikunywa maji ya majani yake kwa kikohozi, na shina kavu walilichovya katika mafuta ya mnyama wakalifanya mwenge. Tena mbegu zake walizitia mtoni kuwalevya samaki, kama wazee wetu walivyotumia utupa, kazi ambayo leo sheria yaikataza. Kwa ajili ya uvuvi huo watu waliuchukua mpaka Virginia, Marekani, katika karne ya 18. Wale wavuvi wamekufa zamani, na uvuvi wao umesahauliwa. Bali muleni umeenea Marekani kutoka bahari hata bahari.

Tulipokuwa tukilima tuta, wazee wawili walisimama kutazama. Mmoja alisema, "Mwalimu, ua lisiloliwa lala chakula cha udongo bure." Wa pili akamjibu, "Kama Mungu angekuwa hapendi kitu kisicholiwa, mbona kila jioni huipaka mbingu rangi?" Sisi tulikuwa upande wa yule wa pili, na hata leo tuko upande wake. Moyo wa mtoto wahitaji kitu kizuri cha kutazama kama tumbo lake lihitajivyo ugali. Tukadhani kwamba shauri limekwisha.

Kumbe halijaanza. Bwana shamba alipita kwa pikipiki yake, tukamwonyesha bahasha kwa furaha. Aliigeuza mkononi, akasema kwanza jambo la sheria: mbegu za kigeni hazipandwi mpaka zikaguliwe na wenye kazi hiyo, nazo zetu hazina cheti chochote. Hilo tulilikubali, ingawa kwa shingo upande. Kisha akauliza, "Mwalimu, wajua mbegu hizi huishi muda gani ndani ya udongo?" Tukasema, "Labda miaka miwili, mitatu." Akatikisa kichwa, akatusimulia habari ambayo tangu siku ile haijatutoka moyoni.

Mwaka 1879, katika chuo cha kilimo cha Michigan huko Marekani, alikuwako mwalimu aitwaye William James Beal. Alitaka kuwasaidia wakulima wajue magugu yaweza kulala udongoni miaka mingapi kabla ya kwisha nguvu. Akatwaa chupa 20. Katika kila chupa akatia mchanga wenye unyevu pamoja na mbegu za aina 21, mbegu 50 za kila aina. Akazifukia chupa zote, midomo yake ikielekea chini ili zisijae maji, akaagiza kwamba kila baada ya miaka 5 ifukuliwe moja na mbegu zake zijaribiwe. Baadaye muda huo uliongezwa ukawa miaka 10, kisha 20, maana mbegu zilikuwa zikiwashinda watu kwa kuishi. Beal alifariki mwaka 1924, na walimu wa chuo kile wamekuwa wakipokezana siri ya mahali zilipo chupa.

Mwezi wa Aprili 2021 walifukua chupa ya 16. Waliifukua usiku, kusudi mwanga wa jua usiziamshe mbegu zilizobaki. Wote waliokuwapo walikuwa hawajazaliwa siku Beal alipozikwa. Wakazipanda mbegu zile, nazo zilizoota zilikuwa za jamaa ya muleni peke yake. Zilikuwa zimelala gizani miaka zaidi ya 140, zikaona mwanga, zikaota kama zilizovunwa mwaka jana. Chupa 4 zingali ardhini, na ya mwisho yatazamiwa kufukuliwa mwaka 2100.

Alipokwisha kusimulia, bwana shamba aliturudishia bahasha, akasema, "Shina moja la muleni laweza kutoa mbegu laki moja na zaidi. Wewe utalikata shina kabla halijakomaa, najua. Lakini mwaka mmoja utaugua, au utahamishwa shule. Ni nani atakayelikata miaka 50 ijayo?" Hatukuwa na jibu.

Na mkulima wa Tanzania hana haja ya kwenda Michigan kujifunza neno hili, maana tunacho kiduha. Kiduha kina ua dogo zuri, jekundu au la zambarau; mtoto asiyekijua hulichuma ampelekee mama yake. Lakini chini ya ardhi mizizi yake imeshika mizizi ya mahindi au mtama, yanyonya. Mbegu zake ni kama vumbi, maelfu kwa maelfu katika shina moja, nazo hulala miaka mingi zikingoja. Haziamki mpaka mzizi wa mahindi upite karibu nazo, nazo huutambua. Mtu aachaye kiduha kikomae shambani kwa uvivu wa jioni moja amewaandikia watoto wake deni la miaka mingi.

Hayo yalikuwa ya mbegu. Sasa, ndugu wasomaji, tutasimulia jambo ambalo si rahisi kwetu kulisimulia, lakini pasipo hilo maneno yetu yangekuwa mapambo tu.

Juma lile lile tulikwenda Tunduma kununua chaki na daftari. Kule mpakani, mahali malori yajipangapo mstari mrefu yakingoja kuvuka kwenda Zambia, kijana mmoja mpakizi wa mizigo aliweka gunia chini, akatujia. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Hatukumtambua mpaka alipotaja darasa lake na mwaka. Tulifurahi sana, tukaulizana habari za nyumbani. Mara mwenzake akaita kutoka juu ya lori, "Kinu! Njoo tumalize!" Tukacheka, tukamwuliza jina hilo kalipata wapi. Yeye hakucheka. Alitazama chini, akasema kwa adabu, "Mwalimu, si wewe uliyenipa?"

Akatueleza. Miaka 13 iliyopita, alipokuwa darasa la tano, alisimamishwa ubaoni akashindwa na hesabu ya kugawanya. Nasi tukasema mbele ya watoto wote kwamba kichwa chake ni kinu kitupu: chatwangwa kutwa na unga hautoki. Darasa zima likacheka. Tangu siku ile wenzake walimwita Kinu njiani, kisimani, hata mlangoni pa kanisa. Alipomaliza darasa la saba hakutaka tena kusikia habari za shule. Na sasa mtoto wake wa kwanza ameanza kusoma, nao watoto wenzake wamwita Mtoto wa Kinu.

Ndugu wasomaji, sisi hatulikumbuki neno lile. Tumejitahidi, hatulikumbuki. Tulilisema, kengele ikapigwa, tukaenda kula. Kwetu lilikuwa neno la dakika moja. Kwake lilikuwa jina la maisha, na sasa limeingia katika kizazi cha pili. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa kidole huumia mwenyewe na kupona mwenyewe. Aliyejikwaa ulimi aweza kwenda zake akipiga mluzi, na anayechechemea ni mwingine.

Bwana wetu alitoa mfano wa adui aliyekuja usiku, watu wamelala, akapanda magugu katika shamba la watu. Tumezoea kumtafuta adui huyo nje ya ua wetu. Mara nyingine mpanda magugu ni mwenye shamba mwenyewe, tena mchana, akiwa macho, na chaki mkononi.

Wako watakaotutetea. Watasema, "Mwalimu hakukusudia ubaya, na asiyekusudia hana hatia." Twawashukuru, lakini twaona kwamba wachanganya mambo mawili. Hatia ni jambo moja, na deni ni jambo jingine. Mbuzi wa mtu akikata kamba usiku akala maharage ya jirani, mwenye mbuzi si mwizi, wala hakuna mzee wa baraza atakayemwita mwizi. Hata hivyo maharage atayalipa. Hatia hupimwa kwa nia iliyokuwa moyoni. Deni hupimwa kwa kilichoota shambani. Basi mtu aweza kuwa na dhamiri safi na deni kubwa kwa wakati mmoja, na usafi wa dhamiri yake usimpe ruhusa ya kutolipa.

Wengine watasema, "Mbona hamwalaumu watoto waliocheka, na wale waliolitangaza jina?" Ni kweli, mbegu haioti pasipo udongo. Waliocheka wana sehemu yao. Lakini mzigo uliochukuliwa na watu kumi hauwi wa watu tisa kwa sababu mmoja amesema wenzangu wapo. Kila mmoja na ajiulize sehemu yake, na yule aliyetangulia kuutwaa ajiulize kwanza.

Tena wako watakaosema, "Ikiwa ni hivyo, afadhali mtu anyamaze, asimkanye mtoto, asipande kitu." Hapana. Shamba lisilopandwa halikai safi, laota nyasi. Mwalimu anyamazaye mtoto akosapo amempanda ujinga, na mzazi vilevile. Wala si mbegu mbaya peke yake ilalayo muda mrefu. Mwaka 1871, chini ya mwembe pale Ujiji, Stanley alimkuta Livingstone. Majina ya hao wawili twayafundisha shuleni, bali jina la yule aliyeupanda mwembe hakuna aliyelishika. Alikula embe, akafukia kokwa, akaenda zake; na wasafiri wakapata kivuli. Hata sisi wenyewe, tulipokuwa wadogo na mwandiko wetu ukichekwa, mwalimu wetu mmoja alisema, "Andika tena, mkono wako wajifunza." Amekwisha kufariki. Huenda naye alilisahau neno lile siku ile ile. Lakini hatushiki chaki pasipo kulisikia.

Basi tufanyeje? Twaona kwamba mmea huu wa jua watufundisha neno moja lililo gumu. Twalijua desturi ya watu: ugomvi ukiisha kupoa husema, tuufukie, tusahau. Pengine huwa ni hekima, maana mbegu ya muleni iliyo chini haioti. Hungoja jembe liipandishe juu. Na majembe ya namna hiyo tunayo vijijini. Yuko mtu ambaye hata matangani humwinamia mwenzake na kumwuliza, "Wakumbuka baba yake alivyomfanyia baba yako juu ya ule mpaka wa shamba?" Neno lililolala miaka 30 laamka mara moja, na vijana ambao hawakuwapo waanza kuchukiana.

Lakini zile chupa za Michigan zatuonya: kufukia si kuua. Miaka 140 ya giza haikuiua mbegu. Hata giza la kusahau haliliui neno, laliweka tu. Aliyelisema ndiye aliyesahau, wala si yule aliyeambiwa. Kusahau kwetu si msamaha wake.

Ni nini basi kiiuacho mbegu? Mkulima mwenye akili alijua kabla ya wataalamu. Mvua ya kwanza ikinyesha, hulima, akayaacha magugu yaamke yenyewe kwenye mwanga. Kisha huyapalilia yakiwa bado machanga, kabla hayajachanua, ndipo apande mahindi yake. Mbegu iliyoota ikang'olewa kabla ya kuzaa haitarudi tena. Hiyo ndiyo kazi ya kuungama. Si kufukua ovu ili tuliangalie na kuligombania, wala si kulifukia ili tusilione. Ni kulitoa juani kwa kusudi la kuling'oa.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Tunduma. Kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya watu, tulimwomba radhi mbele ya watu, wapakizi wenzake wakisikia. Walinyamaza wote. Yeye mwenyewe alikaa kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimesamehe. Lakini mtoto je?" Tukaona kwamba neno lake ni la haki. Tulikwenda katika shule asomayo mtoto, tukazungumza na mwalimu wake faraghani. Naye amejitia kazini kuhakikisha kwamba mtoto aitwa kwa jina alilobatizwa. Baba yake vilevile, wenzake wengi sasa wamwita kwa jina lake, ingawa wako ambao ulimi wao hurudia njia ya zamani. Hatuwezi kusema kwamba kazi imekwisha. Shina tumelikata, mbegu zilizokuwa zimekwisha kuanguka hatuzijui idadi, nasi tutakuwa tukizing'oa kila tuzionapo zimeota.

Na ile bahasha? Tuliifunga, tukampa bwana shamba kama sheria itakavyo. Watoto walihuzunika, maana ahadi ni ahadi. Tuliwaambia kweli yote: kwamba tuliahidi kabla ya kuuliza, na kwamba kosa hilo ni letu. Mmoja wao aliuliza, "Sasa mwalimu, tuta letu?" Tukapanda alizeti, ambayo mwenendo wake twaujua na mbegu zake twazila. Zilisimama kando ya ukuta penye jua lile lile, refu kuliko mwalimu, na yule mzee wa kwanza hakuwa na la kusema.

Tunawasihi basi, ndugu wazazi na walimu wenzetu: kabla ya kuliachia neno juu ya mtoto, mwuulize nafsini mwenu kama mngependa kulikuta limeota katika mjukuu wake. Na kama liko ambalo mmekwisha kuliachia, msingoje mpaka mlikumbuke ninyi. Mwulizeni yule mliyemwambia, yeye hajasahau.

Kila jioni, kabla ya kengele ya mwisho, twapita na watoto kando ya tuta lile tuking'oa magugu yangali machanga. Kazi hiyo hairuhusu mapumziko marefu, wala hatuoni haya kuirudia.